Engaruka: Kukisoma Kijiji Kuanzia kwenye Mfereji

Kibao cha Mambo ya Kale hupewa kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kinatakiwa kimweleze mpita njia, kwa maneno machache anayoweza kuyasoma huku gari likiwa bado linanguruma, jambo ambalo wataalamu wamelichimba kwa miongo mingi na bado hawajaafikiana. Pale Engaruka, katika Wilaya ya Monduli mkoani Arusha, kazi hiyo ni ngumu maradufu, kwa sababu mtu akishaambiwa kwamba amefika kwenye magofu huinua macho kutafuta magofu ya aina anayoifahamu: ukuta uliosimama, mlango wenye tao, pengine msikiti usio na paa kama ule wa Kaole. Haoni lolote la namna hiyo. Anaona mteremko uliotapakaa mawe, migunga, mbuzi wanaochuma majani, na juu ya vyote hivyo ukuta wa Bonde la Ufa uliosimama kama umekatwa kwa panga. Wageni wengi hupiga picha ya kibao chenyewe, kisha huendelea na safari yao ya kwenda Ziwa Natron, na sidhani kwamba wanastahili kulaumiwa.

Kasoro ipo kwenye mahali tunapoelekezwa kutazama. Tumezoea kudhani kwamba kijiji ni nyumba zake, kwa hiyo kijiji kilichohamwa tunakitafuta kwenye mabaki ya nyumba. Nyumba za Engaruka zilikuwa za miti na nyasi, nazo zimekwisha tangu zamani. Kilichobaki ni shamba, na shamba hilo ni kubwa ajabu: takriban kilomita za mraba 20 za ardhi iliyogawanywa kwa mistari ya mawe, ikachimbiwa mifereji, ikanyweshwa kwa maji yaliyoshuka kutoka nyanda za juu. Anayetaka kukiona kijiji hicho itambidi aanzie kwenye maji na kuyafuata yanakokwenda, ndipo mawe yatakapoanza kuonyesha mpangilio wake.

Barabara ya kwenda huko huchepuka kuelekea kaskazini kutoka Mto wa Mbu, hupita Selela, kisha huambaa na ukuta wa Bonde la Ufa ulio upande wa kushoto wa msafiri. Mbele hujitokeza Kerimasi, volkano iliyozimika, na baada yake Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu na ambao ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Upande wa kulia ni tambarare kavu yenye vumbi la rangi ya majivu, na si rangi tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya udongo wa huko imetokana na majivu ya volkano. Mvua ni haba. Kwa kawaida haifikii milimita 500 kwa mwaka, kiasi ambacho hakimtoshi mkulima anayetegemea mawingu peke yake. Lakini juu ya ukuta, upande wa magharibi, zipo nyanda za Ngorongoro zenye misitu, ukungu na kreta kama Olmoti na Empakaai, na maji yanayokusanyika huko hutafuta njia ya kushuka. Mto Engaruka hupasua ukuta kwa korongo jembamba na kutokea bondeni ukiwa na maji mwaka mzima. Kandokando yake yapo makorongo mengine ambayo siku hizi hupitisha maji wakati wa mvua tu, ingawa mabaki ya mifereji inayoanzia kwenye midomo yake yanathibitisha kwamba zamani nayo yalitegemewa.

Mto ukiachwa ujiendee, hukimbilia tambarare na kupotelea mchangani. Wakulima wa kale waliyakamata maji karibu na mdomo wa korongo, yakiwa bado juu, wakayaelekeza kwenye mifereji iliyoambaa na mguu wa mteremko kwa mwinamo mdogo sana. Siri yote imo humo. Maji yakishashuka hayapandishwi tena kwa nguvu ya mkono, kwa hiyo kila kimo kilichookolewa mwanzoni mwa mfereji kilimaanisha ardhi zaidi ya kunywesha mbele ya safari. Mwinamo ukizidi, maji hukimbia na kuchimba kingo. Ukipungua, hutuama na kuacha tope linaloziba njia. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi finyu, na watu hao waliipata kwa jicho na kwa kuyatazama maji yenyewe, bila pima maji wala chombo chochote cha kiwandani.

Mfereji mmoja nilioufuata kwa miguu unastahili kuelezwa kwa utulivu. Kwa mtazamo wa kwanza ni mistari miwili tu ya mawe inayokwenda sambamba, iliyoachana kwa hatua moja hivi, na mtu anaweza kuivuka mara tatu bila kujua amevuka nini. Ukichuchumaa unaona kwamba mistari hiyo haifanani. Mawe ya upande wa bondeni ni makubwa na yamelazwa kwa ubapa, jiwe juu ya jiwe, kwa kuwa huko ndiko uzito wa maji ulikokuwa ukisukuma. Yale ya upande wa mlimani ni madogo, na mengine yamesimamishwa kwa ubavu ili kuzuia udongo usiporomokee ndani. Katikati kuna udongo laini uliojaa karibu mpaka ukingoni, na nyasi zilizoota humo ni za kijani kuliko za pembeni, labda kwa sababu mvua kidogo ikinyesha bado hufuata njia ile ile ya kale. Mbele kidogo ardhi inabonyea, na hapo wajenzi hawakukubali kuupoteza mwinamo wao kwa kulizunguka bonde lile: walijenga tuta la mawe kuvuka hilo bonde na kuupitisha mfereji juu ya mgongo wake. Hakuna chokaa, hakuna udongo wa kugandishia, ila jiwe limechaguliwa likamkuta mwenziwe.

Kutoka kwenye mfereji mkuu maji yaligawiwa kwenye mifereji midogo, na hiyo ikaingia kwenye vipande vya mashamba. Vipande hivyo ni vidogo, vingi vyao vya umbo la mraba au mstatili, vimezungushiwa mistari ya mawe iliyofanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kusawazisha ardhi ili maji yatulie badala ya kukimbia, na kupata mahali pa kuyaweka mawe yaliyoondolewa shambani. Penye mteremko zaidi, mistari hiyo hunenepa na kuwa kuta za ngazi. Mawe yaliyozidi yalirundikwa katika malundo, na baadhi ya malundo hayo yamejengwa kwa unadhifu usio wa lazima, pande zake zikiwa zimepangwa sawasawa kana kwamba aliyeyajenga alijua kwamba jirani angepita na kumsema. Hilo ni wazo langu tu, lakini anayewajua wakulima hatalipinga haraka.

Utafiti wa karibuni umeongeza jambo ambalo kwangu ndilo linalosisimua kuliko yote. Mwanaakiolojia Daryl Stump, aliyechimba katika mashamba hayo mwanzoni mwa karne hii, alionyesha kwamba katika sehemu fulani wakulima hawakuridhika na kunywesha ardhi waliyoikuta. Waliitengeneza ardhi yenyewe. Waliweka vizuizi vya mawe kwenye mapito ya maji yenye tope ili mashapo yatuame nyuma yake, na kizuizi kilipojaa wakakiinua, tope jipya likaja juu ya la zamani, hivyo hivyo hadi pakapatikana udongo mzito wenye rutuba mahali palipokuwa pa changarawe. Mafuriko, ambayo sisi huyahesabu miongoni mwa majanga, kwao yalikuwa yakileta udongo wa shamba bila malipo. Tabaka hizo zinaonyesha pia kwamba mfumo huu haukuchorwa na kujengwa kwa mkupuo na mtawala fulani mwenye amri. Ulikua kidogokidogo, shamba juu ya shamba, kuta mpya zikiungwa kwenye kuta kuukuu, kizazi kimoja kikiendeleza au kurekebisha kazi ya kingine.

Baada ya kuyafahamu mashamba, ndipo inapofaa kupanda kwenda kwenye makazi. Vijiji vikuu vilikuwa saba, navyo vilijengwa juu ya mteremko wenye mawe, mara moja juu ya mpaka wa juu wa mifereji. Mgeni anayeanzia huko hujiuliza kwa nini watu wenye akili timamu waishi kwenye mawe matupu ilhali bonde lote li wazi chini yao. Aliyeanzia kwenye maji haulizi: kila ardhi iliyoweza kufikiwa na mfereji ilikuwa mali kubwa mno kujengewa nyumba. Kwenye mteremko walikata vijiuwanja, wakachukua mawe yaliyotoka kwenye mkato na kuyajengea ukuta wa mbele, kisha juu ya uwanja huo mdogo wakasimamisha nyumba. Vijiuwanja vimepangana kimoja juu ya kingine, na kati yake kuna vijia vyembamba vilivyotengenezwa kwa mawe. Ukisimama kwenye kimojawapo, unakuwa juu ya paa la jirani yako wa chini, na ungeweza kumwita bila kupaza sauti.

Walifuga pia. Mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo imepatikana, na yapo maboma ya mawe ambayo watafiti wengi wanayafasiri kuwa ni mazizi ya kufugia wanyama kwa kuwakatia majani badala ya kuwatoa malishoni, ili samadi ikusanyike na kupelekwa shambani. Mazao waliyolima hayakuacha alama nyingi, isipokuwa punje za mtama zilizoungua, na mtama ndio unaokubalika kuwa chakula kikuu cha hapo. Vigae vya vyungu vipo. Dhahabu haipo, na maandishi hayapo. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya Engaruka kutojulikana sana miongoni mwetu, kwa kuwa historia ya shuleni hupenda wafalme na bandari, na hapa hakuna hata kimoja.

Wageni wa kutoka Ulaya walianza kuyaandika mawe haya katika karne ya 19. Mjerumani Gustav Fischer alipita mwaka 1883, akafuatwa na wengine, na mwaka 1935 akaja Louis Leakey, ambaye alihesabu mabaki ya maelfu ya nyumba na kukadiria kwamba hapo waliishi watu kati ya 30,000 na 40,000. Makadirio hayo yaliupa umaarufu ule "mji uliopotea," na bado husikika mdomoni mwa waongoza wageni. Ni makubwa mno. Nyumba za kipindi kirefu zilihesabiwa kana kwamba zote zilikaliwa usiku mmoja, na watafiti waliofuata, akiwamo John Sutton aliyefanya kazi hapo kwa miaka mingi, wameipunguza idadi hiyo hadi watu elfu chache kwa wakati mmoja. Elfu chache ni wengi, tena wengi sana, kwa mahali penye mvua ya kiasi hicho. Sioni haja ya kuwaongezea wengine wa kubuni.

Kosa la pili la enzi hizo lilikuwa baya zaidi. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford alitangaza nadharia ya "ustaarabu wa Azania," iliyodai kwamba kazi za mawe na mifereji zilizotapakaa Kenya na Tanganyika ziliachwa na watu waliotoka kaskazini, watu wengine kabisa, ambao wenyeji wa sasa wasingeweza kuwa warithi wao. Chini ya nadharia hiyo ilikuwamo dhana ya kikoloni kwamba Mwafrika aliyekutwa na jembe la mkono hawezi kuwa na babu mhandisi. Uchimbaji ulipofanywa kwa makini, ukiwamo ule wa Hamo Sassoon katika miaka ya 1960 alipokuwa mhifadhi wa mambo ya kale nchini Tanzania, jengo hilo la mawazo liliporomoka. Vipimo vya umri kwa kaboni viliiweka Engaruka katika karne ya 15 hadi ya 18, yaani jana tu, na kila kilichookotwa kilikuwa cha wakulima wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, ile ladha ya muujiza haijaisha. Nimewahi kusikia mtu akiwahadithia wageni wake kwamba wajenzi walikuwa majitu, na wageni wakafurahi kweli.

Kwa nini basi waliondoka? Maelezo ya zamani yaliwataja Wamasai kuwa wavamizi waliowafukuza wakulima, na haiwezi kukanushwa kwamba wafugaji hao walikuwa wakienea katika eneo hilo katika kipindi hicho. Lakini wafugaji na wakulima wa mifereji wameishi jirani katika Bonde la Ufa kwa karne nyingi, wakibadilishana nafaka na mifugo, na ujirani wa namna hiyo, pamoja na wizi na ugomvi wake, hauhitaji mmoja amfute mwenziwe. Mimi nalipa uzito zaidi lile la maji. Makorongo kadhaa ambayo zamani yalilisha mifereji leo ni makavu karibu mwaka mzima, na shamba lililotegemea korongo la namna hiyo lingekufa bila mkuki hata mmoja kurushwa. Udongo nao, ukilimwa mfululizo na kunyweshwa mfululizo kwa vizazi, huchoka. Wataalamu wamechunguza hata mashapo ya chini ya ziwa la kreta ya Empakaai ili kufuatilia jinsi mvua ilivyopungua na kuongezeka katika karne hizo, na wanachokipata ni picha ya mabadiliko ya kupanda na kushuka, si ya ukame mmoja uliokuja siku moja na kufunga hesabu. Mfumo uliokua kidogokidogo yaelekea ulikufa vivyo hivyo: mfereji mmoja ukaachwa, kisha wa pili, familia moja ikahama, kisha ukoo.

Na maarifa hayakufa nao. Kaskazini-magharibi, upande wa magharibi wa Ziwa Natron, wanaishi Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, na vijiji vyao vya asili vilikaa kwenye miteremko vikitegemea chemchemi na mifereji inayosimamiwa na wazee waitwao wenamiji, wenye mamlaka ya kugawa zamu za maji na kuwatoza faini wanaokiuka. Wengi wamewataja kuwa ndugu au warithi wa watu wa Engaruka, na wengine wamewataja Wairaqw, wakulima hodari wa nyanda za Mbulu. Sina sababu ya kuamua kesi hiyo hapa, kwa kuwa ukoo unaohama hugawanyika na kuolewa na kuoa, na uzao wake huweza kuwa mahali pengi kwa wakati mmoja. La muhimu ni kwamba ufundi huu si kisiwa. Wachaga waliichora Kilimanjaro kwa mifereji, Wamarakwet wa Kenya bado wanaipitisha mifereji yao kwenye magenge ya Bonde la Kerio, na Wakonso wa Ethiopia wameifanya milima yao yote kuwa ngazi za mawe. Engaruka imo katika safu hiyo, na tofauti yake ni kwamba kwa kuachwa ilituhifadhia ramani nzima.

Nimesema imeachwa, na hapo napaswa kujirekebisha kidogo, kwa sababu mto haukuachwa. Kijiji cha leo cha Engaruka Juu kinatumia mto ule ule na kulima sehemu ya ardhi ile ile: mahindi, maharage, migomba iliyosongamana kandokando ya mifereji, na vivuli ambavyo mtu aliyetoka kwenye tambarare huvishukuru kwa sauti. Wakulima ni Wamasai pamoja na watu wa makabila mengine waliohamia. Nilimkuta mzee mmoja akiwa amesimama ndani ya mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini, akiziba mkondo mmoja kwa udongo na majani ya mgomba na kuufungua mwingine kwa jembe. Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza kama mfereji ule ulikuwa wa serikali au wa kwao wenyewe. "Wa zamu, mwanangu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Leo ni wangu mpaka jua lifike pale juu ya ule mgunga. Baada ya hapo nikiugusa, kesho niko kwenye kikao." Nikamuuliza tena kuhusu mistari ya mawe iliyopita katikati ya shamba lake. Alisema aliyakuta, kwamba babu zao nao waliyakuta, na kwamba ni mazuri kwa kuzuia udongo, ila yakimzuia kupanda mstari huwa anayasogeza.

Katika jibu hilo umo mgogoro wote wa hifadhi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, hulinda majengo na kazi za mikono zilizofanywa kabla ya mwaka 1863, na kwa maneno ya sheria kila jiwe lililopangwa pale Engaruka limo ndani ya ulinzi huo. Kwa maneno ya shamba, mwenye watoto wa kulisha hawezi kuacha ardhi inayofikiwa na maji kwa sababu ya mstari wa mawe ambao hakuna aliyekuja kumwonyesha umuhimu wake. Mawe husogezwa, mengine huchukuliwa kujengea misingi, mifugo hupita na kuangusha kuta za ngazi, na mifereji ya leo huchimbwa ndani ya njia za mifereji ya jana, jambo linalofuta ushahidi na papo hapo kuthibitisha kwamba mafundi wa kale walichagua njia sahihi. Kibao hakiwezi kuzuia lolote kati ya hayo, hasa kikiwa kimeelekezwa kwa mgeni anayepita badala ya mkulima anayebaki.

Kuna jambo jingine linalokuja kutoka upande wa tambarare. Bonde la Engaruka limegunduliwa kuwa na magadi mengi chini ya ardhi, na Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa likiandaa mradi mkubwa wa kuyachimba na kuyasafisha. Siupingi mradi wa aina hiyo kwa sababu tu uko karibu na mahame. Ninachotaka kiulizwe mapema ni maji matamu ya kiwanda na ya watu watakaokifuata yatatoka wapi, kwa sababu bonde lile tayari limekwisha kutuonyesha idadi ya mashamba inayoweza kulishwa na mito yake, na idadi ya mito inayoweza kukauka.

Pendekezo langu kwa wanaohusika ni dogo na halihitaji fedha nyingi. Kuyalinda maeneo yote ya kilomita za mraba 20 kwa nguvu sawa haiwezekani, na kujifanya kwamba inawezekana ndiko kunakofanya pasiwe na sehemu hata moja inayolindwa kweli. Ichaguliwe tepe moja ya ardhi, kuanzia kwenye mdomo wa korongo mojawapo, ifuate mfereji mkuu, ishuke kwenye vipande vya mashamba na malundo yake, kisha ipande hadi kwenye kijiji kimoja cha mteremkoni, ili mgeni au mwanafunzi aweze kutembea njia nzima ya maji bila kuvuka shamba la mtu. Kwenye tepe hiyo viwekwe vibao vifupi vifupi, kimoja penye kichwa cha mfereji, kimoja penye tuta la kuvukia bonde, kimoja penye zizi, kila kimoja kikiwa na mchoro, kwa Kiswahili na Kimaasai kabla ya lugha nyingine yoyote. Mipaka ikubaliwe katika kikao kile kile cha zamu za maji, na ulinzi wakabidhiwe wenye mashamba yanayopakana nayo, kwa posho itokayo kwenye viingilio vya wageni, wakipewa pia haki ya kukata nyasi humo kwa ajili ya mifugo yao mara baada ya mvua za masika.